Dakika Kumi za Panya

Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitu vya watoto, nyuma ya soko la Kariakoo, aliniuliza nina wajukuu wangapi hata nitake kopo zima la gololi, zote rangi moja na ukubwa mmoja. Duka lile aliliacha babu yake, na yeye Kiswahili anakijua kuliko mimi niliyezaliwa mtaa wa Gerezani. Nikamwambia sina mjukuu. Gololi ni za panya.

"Panya wa wapi hao wanaocheza gololi?"

"Wa chuoni, mzee. Ndiyo kazi yangu."

"Na rangi wanachagua?"

"Anayechagua ni dokta wao."

Akamwita mkewe kutoka ndani aje amwone mama anayewanunulia panya vitu vya kuchezea, wakacheka wote wawili mpaka nami nikacheka. Lakini nilipotoka na lile kopo mkononi sikuwa na raha. Wiki ile binti yangu alikuwa ameniomba rula ya shule mara tatu, na mara tatu nikasahau. Gololi za panya sikuzisahau. Chuoni gololi moja ilionekana ina ufa, yule dokta akaitupa pembeni, nikampelekea binti yangu badala ya rula. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, na sikuiona tena.

Kazi yangu ni kuwahudumia panya. Chuo nilichoajiriwa kina banda lao, safi kuliko vyumba vingi vya kupanga ninavyovijua, na mimi ndiye ninayebadilisha maranda, kujaza maji, kuosha vizimba na kuwajua kwa namba zao. Ni panya weupe, macho mekundu, wanaozaliwa humo na kufia humo bila kuliona jua la Dar es Salaam. Mwaka ule alikuja mtafiti mmoja, binti wa kama miaka thelathini, akichunguza usonji. Panya jike mwenye mimba anadungwa dawa fulani, na wanawe wakizaliwa, wengi wanakuwa na tabia zinazofanana kidogo na za watoto wenye usonji: wanamkwepa mgeni, wanarudia jambo lilelile bila kuchoka. Gololi kazi yake ilikuwa hiyo. Unazipanga juu ya maranda, unamtia panya, na panya wa aina hiyo anazifukia moja baada ya moja kana kwamba ametumwa.

Kulikuwa na kipimo kingine, cha sanduku la vyumba vitatu. Panya anawekwa chumba cha kati. Upande mmoja kuna panya mgeni ndani ya kitundu cha waya, upande wa pili kitundu kitupu. Anaachwa dakika kumi. Kamera juu, mtafiti pembeni na saa mkononi, hakuna kukohoa. Panya akigeuza pua, inaandikwa. Akisogea hatua moja, inaandikwa.

Mimi nilisimama mlangoni na ndoo yangu, nikamwonea wivu yule panya. Nasema kweli tupu. Katika miaka kumi na miwili ya binti yangu hakuna mtu aliyewahi kumtazama dakika kumi mfululizo, si mwalimu wala baba yake. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajitia kwenye orodha hiyo.

Wivu ninaujua. Sitaki kujifanya mtu mwema aliyepitiwa na shetani siku moja. Mume wangu anauza mashati ya mitumba Mchikichini, na binti yetu alipokuwa ananyonya akaoa mke wa pili, akampangia vyumba viwili Buguruni. Zamu alizifuata vizuri: siku mbili kwangu Kariakoo, siku mbili kwa mwenzangu. Hayo niliyaweza, maana mume wa kugawana nilimzoea kama watu wanavyozoea mgao wa maji. Unajaza ndoo zako siku yako ikifika. Kisha mwenzangu akazaa mtoto wa kiume.

Mtoto hakusema. Alipofika miaka mitatu alikuwa anazunguka palepale uani mpaka watu wanasikia kizunguzungu kwa niaba yake, na bodaboda ikipiga honi anajitupa chini na kupiga ukelele, mtaa mzima unatoka. Wakampeleka hospitali, wakarudi na neno: usonji. Neno hilo likamchukua mume wangu. Zamu zikaanza kupinda. Leo kijana ana kliniki, leo kijana hajalala, leo mwenzio kazidiwa, mama, nivumilie. Mwanamume ambaye hakujua binti yangu yuko darasa la ngapi alijifunza kumkata mwanawe kucha huku akimwimbia, akambeba mabegani kutoka Buguruni hadi Mchikichini kwa sababu kijana hapandi gari lenye muziki. Watu wakamsifu njia nzima. Mimi roho ikaniuma. Siku hizo niliuita ugonjwa, na nilimwonea mwanamke mwenzangu wivu kwa ugonjwa wa mwanawe. Nimelisema, na sitalirudia.

Silaha niliyokuwa nayo ilikuwa binti yangu. Kwetu pwani, msichana asiyemwinulia mkubwa macho ni hazina ya nyumba, na wangu hakumwinulia mtu macho tangu alipojua kutembea. Ukimwita anakuja, ukimwagiza analeta, ukinyamaza ananyamaza. Salamu yake haikosei: shikamoo, goti kidogo, kila siku sawasawa na ya jana yake. Wenzake wakicheka alicheka, nyuma yao kidogo, na kicheko chenyewe kilikuwa cha msichana wa jirani, nilikitambua kabisa, nikasema hao wamependana mpaka wanacheka sauti moja. Akirudi shule alikwenda uani, akakaa nyuma ya pipa la maji, akajifunika kanga kichwani mpaka magharibi. Nilisema amechoka. Wali aliula mkavu, mchuzi kando ndani ya bakuli, na vikigusana hali. Nilisema hana tamaa ya chakula. Alikuwa na kopo la vifungo ambavyo baba yake aliviokota kwenye marobota ya mitumba, na alivipanga sakafuni kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha kwa matundu. Nilisema atakuwa fundi cherehani. Baadaye kopo likapotea machoni pangu, nikasema basi, utoto umemwisha.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nikiusema msemo huo kwa watoto wa wenzangu.

Sikukuu moja ya Idi tulikusanyika wote kwa mama mkwe. Mtu akaangusha sufuria, na mtoto wa mwenzangu akapiga ukelele uliowasimamisha wapita njia. Nikasema kwa sauti ya kufika barazani, "Wengine wamejaaliwa makelele, sisi wengine tumejaaliwa adabu." Binti yangu alikuwa kando yangu, mikono mapajani, macho sakafuni. Wanawake waliinamia sinia wakicheka kwa mabega. Mwenzangu akamvuta mtoto kwake. Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, kifua kwa mgongo, mpaka akatulia, kisha akanifuata nilipokuwa naosha vyombo.

"Dada, huyu binti akitoka shule huwa anakaa wapi?"

"Kwani wewe mpelelezi?"

"Nimeuliza tu."

"Kaulize kwako."

Akarudi kwa mwanawe. Nilikwenda nyumbani siku ile nimeshiba ushindi.

Katikati ya mwaka binti yangu akavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Zamani ilikuwa miezi, siku hizi tunabana kwenye wiki mbili za likizo. Shangazi yangu, ambaye ndiye kungwi wa ukoo, akaja na mkeka wake kumfunda. Mwali hatoki, hapokei watu ovyo, hasemi asipoulizwa, anakaa chumbani amejifunika kanga. Wasichana wengi siku ya pili wanalia wanataka nje. Wangu alinawiri. Alikula, alilala, na asubuhi moja nilimsikia akiimba peke yake, sauti nyembamba ambayo sikuisikia tangu akiwa mdogo kabisa. Shangazi alitoka chumbani akijipepea kwa furaha.

"Huyu wa kumfunda sina," akasema. "Kazaliwa kafundwa."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba ngoma ya kumtoa itatingisha mtaa. Siku ya kumtoa mwali, kwetu, anabebwa mabegani akiwa amepambwa, wanawake wanamzunguka, wanamtunza pesa, wanamwimbia usoni. Mimi nikaongeza spika mbili kubwa juu ya ngoma, na wapigaji watatu, na msafara wa kuzunguka mtaa mzima. Kwa nini, nitasema: mwenzangu hana binti. Hilo hawezi kulipiza. Nikaingia maduka ya kanga, nikapekua nusu siku, nikachagua sare yenye maneno haya: Nilichojaaliwa kinanitosha. Uongo mtupu. Hakikunitosha hata kidogo, ndiyo maana niliinunua.

Wiki ileile chuoni mambo yakawa magumu. Profesa anayemsimamia yule mtafiti alikuja bandani, nikiwa nasugua vizimba, akamwambia awaache panya majike.

"Majike wana siku zao, wanavuruga matokeo," akasema. "Halafu tazama, hawana lolote. Waliozaliwa na mama aliyedungwa wanamsogelea mgeni kama wale wengine tu. Gololi wanaziacha. Andika madume, umalize."

Alipoondoka, binti wa watu akakaa kwenye kiti, akakunja uso. Huyo naye nilimwonea wivu, nisije nikasahau kumtaja; ana umri ambao mimi nilishazaa nikaletewa mke mwenza, na yeye ana baba aliyemsomesha mpaka pale. Lakini siku ile nilimhurumia.

"Dokta, kumbe hata panya wanatengwa kwa siku zao?"

Akacheka bila furaha. Akanieleza kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu: kwenye maabara madume, kwenye kliniki wavulana. Wasichana wanafikishwa wachache, tena wamechelewa. "Labda kweli ni wachache kuliko wavulana, mama. Na labda tunawatafuta kwa kipimo cha kaka zao."

"Basi hawa majike wako wana lao jambo," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Wewe ukimtoa panya kwenye sanduku unazima kamera, unakwenda kunywa chai. Anayewarudisha kwenye vizimba ni mimi. Wale wengine wakirudi wanakula. Hawa majike wa dawa wanakwenda kona, wanajifukia kwenye maranda, hawatoki mpaka saa tisa. Chakula hawagusi."

Akasimama. "Umeliona hilo tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dokta."

Akanipa daftari jipya. Akaniambia kuanzia siku hiyo kazi yangu ni kutazama baada ya sanduku, niandike kila nionacho na saa yake. Akanionya pia, tena zaidi ya mara moja, kwamba panya si mtu, na kwamba jambo kama hilo ni la kuchunguzwa kwanza kabla ya kutangazwa. Nikamwelewa. Nilipindua ndoo yangu, nikaikalia, nikaanza kutazama.

Siku mbili niliandika vizuri. Jike, namba yake. Ametoka sandukuni saa nne na robo. Kona ya kushoto. Amejifukia. Saa tano, bado. Saa sita, bado. Siku ya tatu, Jumatano, mkono ukasimama wenyewe. Nilikuwa nimeandika: Leo alikaa na mgeni vizuri sana. Sasa ndiyo anaugulia. Nikaisoma ile sentensi ya pili. Haikuwa maneno ya maabara, na kadiri nilivyoisoma niliona haikuwa ya panya. Nyuma ya pipa la maji, kanga kichwani, mpaka magharibi, kila siku ya shule, hatua kumi kutoka jikoni kwangu. Panya yule nilimjua saa yake ya kujificha na saa yake ya kutoka. Mwanangu nilimjua kwa sifa alizoniletea.

Nikawaza pia ile siku ya kumtoa, Jumamosi. Mabegani kwa watu, spika masikioni, mikono ya kila mtu mwilini.

Kesho yake nilikwenda Buguruni. Tangu mwenzangu aingie nyumba ile sikuwahi kukanyaga kizingiti chake, lakini mtu pekee niliyemjua anayejua mlango wa kubisha hodi hospitali ni yeye, na kwa mume wetu nisingeanzia, maana kwa mume ningetaka nionekane mimi, si mtoto. Nilimkuta anachambua mchicha. Hakuniuliza nimefuata nini. Akanikaribisha kiti, akanipa maji.

Chumbani kwake kuna meza yenye kitambaa kinachofika chini. Kitambaa kikatikisika, nikaona miguu ya mwanawe. Nikainama kumsalimia, na pale chini, kando ya yule mtoto, nikaona mto mdogo umekunjiwa kanga, na kopo. Kopo nililijua. Vifungo vilikuwa vimepangwa kwa mistari, kwa matundu, na mwisho wa mstari ile gololi yenye ufa.

"Hivi si vya mwanangu?"

"Vyake. Baba yao akimleta Jumamosi anakaa hapo na mdogo wake. Wanapeana migongo. Hawasemeshani, dada, lakini siku hiyo huyu wangu hapigi kelele hata moja."

"Tangu lini? Mimi najua Jumamosi anakwenda na baba yake Mchikichini."

"Mwaka wa tatu huu."

Nilikuja kuomba msaada, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kulivuta lile kopo niondoke nalo. Mume nilishazoea kumgawana. Lakini mtoto wangu alikuwa amezunguka nyumba yangu yote, akaona pahali pa kuweka vitu vyake vya kweli ni kwa mke mwenzangu, uvunguni mwa meza. Wivu wa siku ile ulinifanya nishike ukingo wa kiti.

"Uliona," nikamwambia, "ukanyamaza."

"Nilikuuliza Idi ile." Aliendelea na mchicha wake. "Nikikwambia zaidi ya pale, ungesema changu kibovu nataka na chako kiwe kibovu. Dada, mdomo wako mimi nilikuwa nauogopa."

Kweli ningesema hivyo, na kwa maneno hayohayo.

Nikamweleza ya panya, ya daftari, ya pipa la maji. Hakushangaa hata kwa adabu. Akasema daktari wa mwanawe atampokea, tarehe atanitafutia yeye. Kisha akasema la ngoma kabla sijalisema.

"Msiipige, dada. Hatatoka pale mzima."

"Najua."

"Basi waambie."

"Siwezi." Nikaanza kulia, na kulia mbele yake kulinichoma kuliko kilichoniliza. "Sare zimeshagawiwa. Shangazi kaalika mpaka watu wa Temeke. Mimi niliyesema yote yale, nisimame leo niseme nini?"

Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa bado nashika nguo. Akasukuma ungo pembeni, akafuta mikono.

"Niachie mimi. Mimi wameshazoea kunisema."

Ijumaa alasiri uani kwangu kulijaa wanawake, wanachagua mchele, wanajaribisha sare, shangazi katikati anatoa amri. Mwenzangu akaingia na baibui lake jeusi. Vichwa vikageuka, wote walijua haji kwangu. Akamsalimia shangazi, "Shikamoo," akaitikiwa nusu, kisha akasema bila kukaa:

"Ngoma ya kesho haipo. Nimeongea na mume wetu, amekataa."

"Wewe kama nani?" shangazi akamuuliza.

"Kama mama yake mdogo."

"Mama yake mdogo au kijicho chako? Kwa kuwa Mungu hajakupa binti wa kumcheza?"

"Sema upendavyo, shangazi. Ngoma haipigwi."

Yakamwagika. Kijicho, roho mbaya, mchawi asiye na tunguli, mke wa kumwendesha mume. Mwanamke mmoja alimtupia sare yake miguuni. Mwenzangu alisimama pale akayapokea yote, na mara moja tu akanitazama, si kwa kuniomba, nadhani alitaka kujua kama nitasema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikainamisha macho. Wanawake wakaniona nimeinamisha macho, wakanisifu. Mmoja akanishika mkono akasema, tazameni mwenzenu alivyo na subira, amewekewa mwiba na bado hasemi.

Mwenzangu akageuka akaondoka. Nilisikia viatu vyake kwenye ukumbi mpaka mlango wa mbele.

Jumamosi tulimtoa mwali bila ngoma. Tulikuwa watatu: mimi, shangazi aliyenuna, na mama mkwe. Tulimpaka liwa, tukamfukiza udi, tukamvisha kanga mpya isiyo ya sare, akakaa uani juu ya kiti nusu saa huku shangazi akimwimbia polepole, kwa kulazimishwa. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha, mwanangu."

"Naweza kurudi ndani?"

Nikamrudisha. Kwa mara ya kwanza nikakaa naye, mkekani, mimi kwenye ukuta huu na yeye kwenye ule, sikumsemesha. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kariakoo nje ilikuwa inauza na kununua, na yeye alikuwa anasukasuka pindo la kanga, akihesabu nyuzi kwa midomo. Nilimtazama mpaka nikaona kitu ambacho kila mtu angekiona: akifika uzi fulani anatabasamu, tabasamu lake mwenyewe, si la msichana wa jirani.

Mtaani walisema mwezi mzima. Ngoma ya mwali imevunjwa na wivu wa mke mdogo. Buguruni walimnunia dukani, na mama mkwe hakumwita kwenye hitima. Mimi niliyajua yote na niliyaacha yaendelee. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema, na kila jioni nilikuwa bado ni mwanamke mwenye subira.

Tarehe ya hospitali ikafika. Tuliingia kwa daktari watu wazima watatu, mume wangu, mwenzangu na mimi. Watoto tuliwaacha kwenye benchi la nje, wamepeana migongo kama watu waliogombana. Daktari, mama wa makamo, alikuwa amekwisha kukaa na binti yangu peke yake kwa muda mrefu. Akatuambia hatoi jibu siku moja, tutarudi tena na tena, lakini tumefanya vizuri kuja. Akauliza mengi: alianza kusema lini, anakulaje, akitoka shule anafanya nini. La pipa la maji nililijibu mimi. La meza alilijibu mwenzangu.

"Na ni nani aliyeliona hili kwanza?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Mama yake," mume wangu akasema kabla ya mtu. "Huyu hapa. Anafanya kazi kwenye utafiti wa panya, ana macho, daktari. Ndiye aliyegundua." Akaweka mkono begani kwangu. Miaka mingapi nilikuwa nautafuta mkono ule, uwekwe pale, mbele ya watu, tena mbele ya mwenzangu! Ulikuwa mzito na wa moto. Mwenzangu alikuwa anakunja kadi ya kliniki ya mwanawe, anaikunjua, anaikunja. Hakuinua uso wala hakukanusha. Angeniachia na hili.

Daktari alikuwa ameanza kuandika.

"Si mimi," nikasema. "Ni mama yake mdogo, huyu. Aliona miaka mitatu iliyopita, akaniuliza, nikamtukana. Na ngoma aliivunja kwa kuwa mimi niliogopa. Mimi nilianza na panya."

Mkono ukashuka kutoka begani kwangu. Mume wangu akamgeukia mwenzangu, akamtazama kama mtu anayemwona leo, na akamtazama kwa muda mrefu. Daktari alikuwa ameshaandika "mama" kwenye karatasi yake. Nikamwona anainama, anaongeza neno pembeni. Roho iliniuma, na sikumzuia.